Kichoteo cha mchanga kikigoma: dalili, sababu na tiba za zana za kujitengenezea za kusaka vyuma ufukweni

Mtu akinilalamikia ditekta yake, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma, swali langu la kwanza halihusu ditekta. Nauliza: unachimbia nini? Jibu huwa ni ndoo iliyotobolewa kwa msumari wa moto, au beleshi la bustani lililokatwa mpini, au kichoteo kilichochomelewa na fundi wa mtaani kwa kuangalia picha kwenye simu. Tunakwenda wote ufukweni maji yakipwa, na mara nyingi ditekta inakutwa haina kosa. Kinachoharibu kazi kiko mkono wa pili.

Kichoteo ni chekeche lenye mpini. Unakitumbukiza mchangani, unainua, unatikisa, na kinachobaki ndani ndicho kilichokuwa kinalia. Kwa mchanga mkavu wa juu, kipande cha bomba la PVC la inchi 4 au 6 kinatosha. Kwa mchanga uliolowa, karibu na maji, unahitaji chuma na mpini mrefu. Mfano nitakaoutumia humu ni wa kinywa cha sm 15 na urefu wa sm 20. Huo unabeba lita 3.5 hivi, na kwa kuwa lita moja ya mchanga uliolowa ina karibu kilo 2, kila ukiinua unanyanyua kilo 7, chuma chenyewe hakijahesabiwa. Ishike namba hiyo, maana ndiyo inayokata shingo za vichoteo.

DALILI: Ditekta inalia, unachota, kichoteo kitupu

Usichote tena. Mtu anachota mara tano, mara sita, shimo linakuwa kama la kupandia mnazi, na sarafu inazidi kushuka. Mchanga uliojaa maji ukivurugwa hulegea kama uji, na kitu kizito huzama ndani yake. Badala ya kuendelea, pitisha ditekta kwanza juu ya shimo, halafu juu ya mchanga uliomwaga.

Ikilia shimoni, ulichota pembeni ya kitu. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na haina uhusiano na umbo la zana. Weka alama ya kidole pale mlio unapokuwa mkali zaidi, kisha chomeka kinywa cha kichoteo sm 10 hadi 15 upande wako wa alama hiyo, kanyaga mpaka kizame chote, ndipo uvute. Mchoto mmoja wa kina unashinda mitatu ya juujuu.

Ikilia kwenye rundo, kitu kimepita tunduni. Matundu ya mm 10 hadi 12 yanatosha kwa fukwe zetu nyingi. Pete ya mtu mzima ina upana wa nje wa mm 17 na kuendelea, kwa hiyo haipenyi tundu la mm 12 hata ikisimama ubavu. Hereni ndogo hupenya. Mkufu mwembamba hupenya karibu tundu lolote, unateleza kama nyoka. Kabla ya kumlaumu fundi, fanya jaribio nyumbani: tumbukiza sarafu zote za mfukoni, pete yako, na hereni ya mama watoto (omba kwanza, nilijifunza kwa shida), jaza mchanga, tikisa juu ya kanga kuukuu, uone kilichodondoka. Kama matundu ni makubwa kupita kiasi usikitupe kichoteo. Tandika wavu mgumu wa plastiki kwa ndani, ufunge kwa vibanio vya nailoni.

Ikilia njiani, kati ya shimo na rundo, kinywa kinamwaga unapoinua. Lalisha kichoteo chini kwenye sakafu tambarare, uangalie mpini. Kwa mpini wa mita 1.2, ncha yake inapaswa kufika usawa wa kiuno. Ukiwa umelala kama wa beleshi, mchanga utamwagika kabla hujasimama. Ukiwa umesimama wima kabisa, hutakuwa na nguvu ya kukiingiza. Hapa ni kurudi kwa fundi, akate shingo na kuichomelea upya kwa pembe nyingine. Usijaribu kuipinda kwa kuikanyaga, utafungua mshono.

Isipolia popote, mara nyingi kilichokuwa kinalia ni msumari uliooza. Kutu yake huenea kwenye mchanga unaouzunguka na kuufanya ulie kama kitu kikubwa. Ukishavuruga, mlio unakufa. Hujapoteza kitu, songa mbele.

DALILI: Ditekta haitulii, inalia kila unapoinama

Kichoteo kiko karibu na sahani, ile duara ya chini ya ditekta inayohisi chuma. Nalisema hili kwa upole kwa sababu nami nilipoteza asubuhi nzima hivyo. Kilaze mchangani hatua moja na nusu kutoka unapopima. Kama bado inalia, toa funguo, kagua mkanda na viatu vyenye chuma puani. Mwisho kabisa fikiria maji ya chumvi yenyewe: yanapitisha umeme, na mashine za bei nafuu huchanganyikiwa kwenye mchanga uliolowa. Punguza wepesi wake wa kuhisi au panda juu kwenye mchanga mkavu.

Kichoteo cha PVC kina raha yake hapa: ukichota, unakipitisha kizima juu ya sahani na kusikia kama kitu kimo. Ila lazima kisiwe na bolti wala msumari hata mmoja. Mpini ufungwe kwa vibanio vya nailoni au vigingi vya mwanzi.

DALILI: Mchanga hautoki

Peleka kidole ndani ya kichoteo, taratibu. Kama matundu yanakwaruza, umeipata sababu. Fundi alitoboa kutoka nje, na kila tundu limeacha meno upande wa ndani. Meno hayo hushika mwani, mwani hushika mchanga, na baada ya dakika kumi una tofali. Tupa ya duara na saa moja ya uvumilivu humaliza tatizo.

Kama ndani ni laini, tazama matundu yako wapi. Mengi huwekwa ubavuni kwa sababu ndiko drili inakofika kirahisi, na kitako kinaachwa kizima. Lakini ukikirudisha kichoteo kwenye maji na kukitikisa, maji hufagia mchanga kuelekea nyuma. Kitako kisicho na tundu kinakigeuza kichoteo kuwa bakuli. Toboa kitako. Hata hivyo usichanganyikiwe na kutoboa kila mahali: acha sm 3 za mwanzo za kinywa bila tundu lolote, na kati ya tundu na tundu kibaki chuma cha mm 6 hivi. Nimewahi kuona kichoteo kilichotobolewa kwa bidii mpaka kikachanika kama karatasi ya stempu.

Kwenye fukwe zenye vipande vya matumbawe na makombe, hata kichoteo kizuri kitabaki na kokoto. Huo si ugonjwa. Mwaga juu ya kanga, utenge kwa mkono.

DALILI: Kutu ndani ya wiki moja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mazungumzo yangu na fundi mmoja, nikiwa nimeshika kichoteo kilichogeuka rangi ya chungwa baada ya safari mbili tu:

“Fundi, si ulisema hii ni stenlesi?”

“Ni stenlesi, bosi. Sumaku si hii hapa? Haishiki. Sasa unataka nini tena?”

Akaiweka sumaku kwenye bati, ikateleza. Alikuwa sahihi, lakini kwa nusu. Sumaku inakusaidia kuligundua bati la chuma cha kawaida, basi. Kuna stenlesi za bei nafuu, zile za mfululizo wa 200, ambazo sumaku haizishiki na bado bahari inazila. Inayovumilia ni ya 304, na bora zaidi ni ya 316 kwa sababu imeongezewa molibdenamu, ambayo ndiyo inayopambana na chumvi. Huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tafuta bati lenye historia: sinki la jikoni la hoteli, sufuria nzito za mgahawa, vipande vya mashine za maziwa kwa wauza chuma chakavu. Unene uwe mm 1.5 hadi 2.

Kabla ya kulaumu bati, angalia kutu imeanzia wapi, kwa sababu mahali ndipo panaposema sababu.

Ikiwa imeanzia kwenye mishono peke yake, fundi alitumia fimbo za chuma cha kawaida, zile za 6013 zinazochomelea mageti. Stenlesi kwa stenlesi inataka fimbo za 308L, na ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida, 309L. Nunua fimbo mwenyewe uende nazo. Fundi hatakasirika, akikasirika tafuta mwingine.

Ikiwa imekaa kando ya mshono, kwenye ule mkanda wa bluu na kahawia ulioachwa na moto, bati ni zima ila ngozi yake imeungua. Sugua mkanda wote kwa msasa mpaka ung’ae. Kazi ni ya nusu saa, na watu wengi huiruka.

Ikiwa ni madoadoa yaliyotawanyika kama vipele, chembe za chuma kingine zimeng’ang’ania juu ya bati. Zinatoka kwenye diski ya grainda iliyokuwa inakata geti la mtu dakika tano zilizopita, au brashi ya waya wa kawaida. Sugua kwa msasa mpya, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha. Safari ijayo mwombe fundi diski mpya.

Ikiwa imezunguka bolti, badilisha bolti. Unanunua bati la hoteli halafu unalifunga kwa bolti ya duka la baiskeli!

Na ikiwa imetapakaa mwili mzima, basi bati ni la kawaida. Libebe kama lilivyo: osha kila ukirudi, paka mafuta machafu ya injini kiduchu, na usikiache kichoteo kwenye buti la gari kikiwa kimelowa. Kichoteo cha chuma cha kawaida kinachooshwa huishi kuliko kisichooshwa.

Kosa lile lile lina sura nyingine: mpini wa alumini uliofungwa moja kwa moja kwenye kichoteo cha stenlesi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na moja huliwa, na anayeliwa hapa ni alumini. Utaona unga mweupe kwenye kiungo, kisha matundu. Weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli katikati yao, na mpira mwembamba kuzunguka bolti pia, vinginevyo umeme utapitia kwenye bolti.

DALILI: Shingo inapinda, au inakatika kabisa

Shingo ni pale mpini unapoungana na kichoteo. Rudi kwenye zile kilo 7, uongeze na tabia yetu ya kukongoa. Mpini wa mita 1.2 juu ya kichoteo cha sm 20 ni mtaimbo: ukiulalia kwa uzito wa kilo 20, mdomo unapokea kama kilo 120. Mchanga ukishakamata, shingo ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni wewe. Kabla ya kuvuta, tikisa mpini kushoto na kulia mara mbili maji yaingie chini ya kichoteo. Utasikia mchanga ukiachia, kuna sauti ya kunyonya kama ya kiatu kikitoka topeni. Ndipo uvute.

Sababu ya pili ni mshono wa upande mmoja. Fundi alichomelea juu, pale panapoonekana, chini hakufika. Geuza utazame. Kama huna uhakika kuna ufa, tumia mbinu ya zamani ya gereji: safisha shingo, kausha, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa vizuri, halafu sugua chaki nyeupe juu yake. Ufa utajichora wenyewe kama mstari mweusi, kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kulowesha chaki. Ufa ukionekana usijaze juu juu. Fundi auchimbe kwa grainda mpaka mwisho wake, ndipo achomelee upya.

Sababu ya tatu, bomba jembamba. Kwa mpini tafuta bomba la kipenyo cha mm 25 hadi 32 lenye ukuta wa mm 2. Bomba la pazia, ambalo nimeliona mara zaidi ya moja, ni la pazia. Tiba ya kudumu ni bati la pembetatu kila upande wa shingo, likiunganisha mpini na mgongo wa kichoteo. Ukiongeza na kipande cha kukanyagia juu ya kitako, mguu utafanya kazi ambayo mpini ulikuwa unalazimishwa kuifanya. Toboa tundu la mm 5 sehemu ya chini ya bomba ili maji yatoke. Bila hilo, mpini huoza kutokea ndani na hutajua mpaka siku unakuja nao mkononi bila kichoteo.

Mpini wa mti? Mwanzi mkavu ni mwepesi na hausumbui ditekta, lakini hupasukia kwenye bolti. Funga kwa kamba ya nailoni juu na chini ya tundu. Mti wa jembe unafaa zaidi.

DALILI: Hakiingii mchangani

Mara nyingi ni kinywa butu au kilichokatwa wima kama kikombe. Kikate kwa mshazari, mdomo wa chini utangulie ule wa juu kwa sm 5 hivi, na ukinoe kwa tupa upande mmoja tu. Ukali wa jembe unatosha. Ukali wa kisu ni wa kujikatia vidole vya miguu, na wengi wetu tunachimba pekupeku.

Kama kimenolewa na bado kinagonga kitu kigumu sehemu moja, hiyo ni miamba ya matumbawe chini ya mchanga. Acha. Hakuna kichoteo kinachochota mwamba.

DALILI: PVC inapasuka

Jua limeikausha, au ulitoboa kwa msumari mwekundu na kuacha nyufa zisizoonekana. Toboa kwa drili, mwendo wa polepole. Kuipa umbo, izamishe kwenye maji yanayochemka mpaka ilegee. Usiichome kwa moto wa mkaa: moshi wake una asidi inayounguza macho na mapafu. Ikishapasuka, kata kingine. Bomba ni rahisi kuliko gundi.

ACHA HAPO, ITA MWENYE UJUZI

Usikate mtungi wa gesi, wa jikoni wala wa kizimamoto, eti kwa sababu una umbo zuri la kichoteo. Mabaki ya gesi au presha ndani yake yanaua. Vivyo hivyo shokamzoba la gari kama mpini: lina mafuta na presha, na likipata moto wa kuchomelea linaweza kulipuka. Bomba lolote lililozibwa pande zote litobolewe kwanza.

Bati la gavanaizi likichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki. Saa kadhaa baadaye unapata homa, baridi, maungo kuuma, na wengi hudhani ni malaria. Kunywa maziwa kabla, kama mafundi wanavyoshauriana, hakuzuii. Kinachosaidia ni kusugua zinki yote kwenye sehemu ya mshono, kufanyia kazi nje na kukaa upande upepo unakotoka. Ukibanwa kifua au kupumua kwa shida, nenda hospitali, useme ulikuwa unachomelea gavanaizi.

Shimo lisizidi goti. Kuta za mchanga huanguka bila kutoa taarifa, na aliyeinama kichwa chini ndani yake hana muda wa kuita. Ukimaliza, fukia.

Ukichomwa na chuma chenye kutu, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda. Siku hiyohiyo.

Sasa lile ambalo watu hulicheka mpaka wakutane nalo. Pwani yetu imepigwa vita: majeshi ya Uingereza yaliteremka Ras Kasone, Tanga, Novemba 1914, na manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Juu ya hayo kuna uvuvi wa baruti. Ukitoa kitu kizito chenye umbo la chupa au risasi kubwa, au chupa iliyozibwa yenye utambi, au kijibomba chembamba cha alumini chenye nyaya mbili, usikitikise kwenye kichoteo. Usikioshe wala usikipige picha kwa karibu. Kiache kilipo, weka mti wa alama mbali kidogo, ondoa watoto, piga 112.

Kuna vitu vingine vinavyotaka uache kuchota hata kama havilipuki. Vigae vingi vya udongo au vya kauri, shanga, sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, hasa ukiwa pande za Kilwa, Mafia au Bagamoyo, vinaonyesha kuwa umeingia kwenye makazi ya kale. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, Kenya mpaka ni 1895 kwa sheria yao ya 2006, na Zanzibar ina sheria yake. Kuchimba maeneo hayo bila kibali ni kosa. Rudisha ulichotoa palepale, piga picha ikionyesha mnazi au jiwe la karibu ili pajulikane, kisha peleka taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya karibu, kichoteo ukikiacha nyumbani.